Bamvua Sabini

Karatasi ya mtihani ilikuja na mlima.
Sisi wa Shela, kidato cha pili, watu kumi na tisa,
tukaulizwa: taja mwinuko wa kituo B,
eleza sura ya nchi katika mraba huu.

Mistari ya kahawia imebanana
kama paji la uso la mtu anayedaiwa.
Bishara alidhani mashine imekosea.
Tima akasema ni alama ya kidole,
mpiga chapa hakunawa.

Mwalimu Mghoi hakucheka.
Aliweka ncha ya kalamu juu ya kidoti cheusi,
akakawia pale kuliko swali lilivyotaka.
"Nyumba," akasema. "Kidoti hiki ni nyumba."
Ya nani, tulikuja kujua baadaye.

Tukahesabu kutoka chini: kila mstari mita ishirini,
kila wa tano mnene, una namba tumboni.
Sabini.
Famau, mtoto wa mwashi, akanyosha mkono:
"Maji yakijaa bamvua yakaacha alama ukutani,
yakapanda tena, yakaacha nyingine,
mara sabini, ndiyo kwenu, mwalimu?"
Akanyamaza. Kisha:
"Ndiyo. Kila mstari ni ufuo
wa bahari ambayo haikuja."

Jumamosi Famau aliiba mpira wa maji wa babake,
ule wa kusawazishia kuta,
tukapanda matuta ya nyuma ya mji.
(Sisi tulisema mtanga, yeye mchanga;
vyote viliingia viatuni.)
Mmoja ashike ncha hii, mmoja ile,
maji yatulie, yatazamane,
chomeka kijiti. Songa. Chomeka.
Usipande. Usishuke.
Kwenye kijiti cha arobaini tukakuta kinyesi cha punda
na kinjia chembamba
kilichopita palepale vijiti vyetu vilipotaka kupita.
Punda hakusoma jiografia. Ana mzigo tu.

Alituletea na ramani ya kisiwa chetu.
Tukaona haya: mstari mmoja mzima,
mwingine umekatikakatika kama mtu anayetafuta neno,
halafu nukta, nukta, nukta.
"Hapo," akasema, "mpimaji anakiri
kwamba hakuahidiwa kitu."
Duara dogo la buluu: kisima.
Na yale maji matamu yaliyolala chini ya nukta zote,
yanayopika chai ya mji mzima,
hayakuchorwa hata tone.

Usiku upepo ulifanya kazi yake.
Asubuhi vijiti vilisalia kumi na kimoja,
na uzi wetu unaning'inia hewani,
mstari sahihi kabisa wa tuta lililokwisha kuondoka.
Tima alilia. Mimi nilicheka,
hata leo sijui kwa nini.

Mwezi wa tatu akahamishwa, au aliomba;
ofisi ilisema moja, jikoni walisema jingine.
Ile karatasi ya mlima aliniachia mimi,
niliyekuwa wa mwisho kuelewa.

Juzi mwanangu ameikuta sandukuni.
Amelala kifudifudi sakafuni, anafuata kwa ukucha:
hapa mistari imeachana, mtu anaweza kulima;
hapa imegusana, mbuzi mwenyewe atafikiri.
"Mama, na duara hili kubwa la kahawia?
Mbona halina namba?"

Ni kikombe chake.
Alikitua siku ile aliyopigiwa simu kutoka kwao,
akasikiliza, akasikiliza,
akasahau kukiinua.
Duara limekata mto, limevuka bonde,
halijali kupanda wala kushuka,
na ndani yake, pembeni kidogo, kipo kile kidoti.

Nilitaka kumwambia mtoto huo si mstari.
Nikamwambia: hesabu kutoka chini.