Dawati la Kumi na Saba

Saa mbili kasorobo bahasha imekatwa
mbele ya mashahidi wawili, kama kanuni itakavyo.
Karatasi zimelala kifudifudi, madawati thelathini na manne.
Vichwa thelathini na vitatu.

Pale dirishani pasipo kioo
pana kibandiko nilichokibandika jana kwa mkono wangu:
Thoya Nzai Mwaringa.
Jina limesajiliwa tangu mwezi wa pili.
Tai aliyopigia picha ilikuwa yangu.

Akichelewa zaidi ya nusu saa, asiingie.

Nasimama mlangoni. Kule chini, ng'ambo ya mikoko ya Gongoni,
mashamba ya chumvi yanameta hadi jicho linauma,
na watu, wadogo kama nukta, wanasukuma matoroli.

Jumapili nilifika kwao. Mamaye hakunificha:
"Mwalimu, gunia linalipa jioni. Mtihani unalipa lini?"
Nikafungua kinywa.
Nikanywa maji aliyonipa.

Sasa nachungulia karatasi yake. Si ruhusa; nachungulia.
Insha, swali la pili:
*Elimu ni bahari. Jadili.*

Lo! Swali lake hili.
Angeeleza bahari inavyovutwa kwa pampu,
ikatiwa ndani ya kuta za udongo, ikaachiwa jua
wiki baada ya wiki, hata ikakosa wimbi,
ikakosa kina, ikakosa hata kidagaa,
kikabaki kitu cheupe cha kukwangua kwa sepetu,
kinachoingia kwenye nyufa za nyayo na kulala humo.
Angeandika: ni bahari, ndiyo,
lakini mimi nimeajiriwa kuikausha.
Ningempa ishirini juu ya ishirini, wallahi,
na makosa yake ya "l" na "r" ningeyaacha yalivyo.

Dakika ya ishirini na tisa.
Mtu anapiga chafya. Kalamu zinachakura kama kuku.
Dakika ya thelathini na moja.
Bi. Zuhura, msimamizi kutoka Malindi mjini, anavuta fomu.
Ina kisanduku cha asiyefika.
Haina mstari wa sababu.
Anatia alama, taratibu, kama anayefunga kifungo cha shati la mtoto.

Adhuhuri, karatasi zimekwisha hesabiwa, ananiambia:
"Hilo dawati tulitoe, mkuu. Linaharibu safu."

Kesho kuna Hesabu, nikamwambia.
Hesabu anaijua sana yule. Ndiyo iliyompeleka kule.

Liache.