Upana wa Neno

Kitangari, mwezi wa kumi. Magunia ya korosho yamefika
mpaka mlangoni mwa ofisi ya chama,
na kikokotoo cha chama kimeishiwa betri tangu juzi.
Nikarudi nyumbani, nikavuta mtoto wa meza,
nikatoa kile cha marehemu.

Nantanga alikuwa fundi wa mitambo ya simu, Mtwara mjini.
Kikokotoo chake kizito, kipana kuliko kirefu,
vitufe vina maandishi ya njano na ya buluu
ambayo sikuwahi kumuuliza.

Gunia la kwanza la Somoe Litunu, sitini na moja.
La pili, sitini na sita.
Mia na ishirini na saba, kioo kikasema. Sawa.
Kilo ya mwisho aliileta kwenye ndoo ya rangi,
korosho za asubuhi hiyohiyo, za mkorosho wa mpakani.
Nikajumlisha moja.

Hasi mia na ishirini na nane.

Herufi G ikatokea chini ya kioo. Nikadhani ni G ya ghala.
Somoe akainama begani kwangu,
akasoma tarakimu kwa kidole, kama anavyosoma stakabadhi.
"Hiki kistari cha mbele?"
Nikamwambia ni alama ya deni.
"Kwa hiyo ndoo yangu ningeiacha nyumbani,
chama kingenilipa?"
Foleni nzima ikacheka. Yeye hakucheka.
Mwaka juzi walimkata salfa ambayo hakuichukua.

Nikapiga hesabu kwa kalamu, nyuma ya kalenda,
nikamwandikia 128. Akaondoka
akikitupia jicho kile kidude kama mbwa wa jirani.

Usiku nikalitafuta daftari.
Mwandiko wake, umelalia kushoto kama mtu anayetega sikio:
Neno: biti nane. Alama: ipo.
Mwisho 127. Ukiongeza moja, unaangukia chini kabisa.
Kisha, kwa wino mwekundu:
Mashine haijakosea. Umeipa chumba kidogo.

Mimi nilidhani neno ni kitu cha mdomoni.
Kumbe lina upana, na mtu huupanga mapema,
kabla hajaweka kitu ndani.
Maneno ya Nantanga nayajua: Ndiyo. Baadaye. Tutaona.
Yalibeba mengi, sikatai. Yalibeba ada, bati, msiba wa mama yangu.
Halafu jioni moja nikaongeza kitu kimoja,
nikamuuliza tu chumvi imekwisha lini,
akageuka hasi, hasi ya chini kabisa,
akalala karakana siku tatu.
Nami miaka yote nilidhani ni ile chumvi.

Nikawasha taa ya sola. Sitini na moja, sitini na sita, moja.
Kistari kikarudi, na G yake.
Sikufuta kitu. Nikabonyeza nilivyoelekezwa na wino mwekundu,
nikalipanua neno: biti kumi na sita.

128.

Kilichokuwa ndani ni kilekile.
Biti ileile iliyokuwa ikisimama mbele kama deni
sasa imepata nafasi, imesimama kama mzigo.

Kesho yake nilipima tani kumi na moja na ushei.
Somoe alipita, hana gunia, akaomba aone kioo.
Nikampa akishike mwenyewe.

Jioni nimekirudisha mtoto wa meza.
Nantanga, sikukirudisha kwenye nane.