Kituo

Mwanasaada anipigia toka Doha kila Alhamisi:
"Hata leo u papo Kuze?
Ngazi zaoza, maji ya mkokoteni,
na wewe una cheti cha uhasibu!"
Namwambia nimezuiwa na karatasi.

Ilikuwa katika kopo la biskuti la marehemu nyanya,
imekunjwa mara nane, yanuka udi na mende.
Herufi za Kiarabu, maneno yetu,
wino wa masizi uliogeuka rangi ya chai.
Mimi nilihitimu chuoni kwa Maalim Bwanaheri,
nasoma msahafu bila kukwama,
ila Kiswahili ndani ya herufi zile
ni kumkuta mamako sokoni kavaa kanzu ya kiume:
wamjua, na humjui.
Pona, bona, mbona: be ni ile ile moja.
Usiku mzima nahesabu mizani kwa vidole,
nane, tena nane,
jirani aniona dirishani adhani nadaiwa.

Nadaiwa kweli.
Nyanya alikisema watu wa hapa walidaiana kwa beti.
Aliyekopa samli akachelewa
aliamka akakuta shairi mlangoni,
naye chakula hakimpiti mpaka ajibu
kwa vina vile vile, au aaibike mtaa mzima.
Samli haikulipwa.
Mashairi yalibaki.

Hili ndilo nililolisoma:

    Mji una masikio, nena nao kwa hadhari
    Hukupa makimbilio, ukajiona hodari
    Kilichokuwa kilio, kikageuka habari
    Uki

na hapo tundu, ukubwa wa shilingi.
Mchwa wamekula kituo.

Nikavuka kichochoro nayo, juu ya duka la rangi,
ambako Famau hufika na udi mgongoni
akishashuka kwenye kreni ya Kilindini,
kucha bado zina grisi.
Shekue wa fidla mchana huuza vikava vya simu.
Bi Somoe wa kinanda hapigi
mpaka apate kahawa, na mtu wa kugombana naye.
Stima ikapotea. Wakaendelea gizani.
Hodari au hadhari? Ubishi saa nzima.
Famau akajaribu lahani tatu,
moja akaitupa, akasema hiyo ni ya kuoshea gari.
"Shairi bila kituo," akasema Bi Somoe,
"ni bwana harusi bila suruali."

Tukenda nalo hivyo hivyo, harusini Makadara.
Mwimbaji akafika mstari wa tatu, akanyamaza.
Fidla ikaingia penye tundu,
ikazunguka, ikapapasa, haikuona mlango.
Na mwanamke aliyekuwa akikusanya sahani za pilau,
aproni imelowa,
akasema, wala hakuimba, alisema tu:

    Ukikosa mwitikio, uombe upige tari.

Ukumbi mzima juu.
Watu wakatunza noti hata wasionazo,
mama wa bibi harusi akavua kiatu akakipeperusha,
dumbaki likashika lile neno tari
likakataa kuliachia.

Nilimfuata jikoni. Umeipata wapi?
"Nimeisikia. Au nimeitunga.
Nipishe, mchuzi wamwagika."

Nikarudi kwa miguu, viatu mkononi.
Kule Bondeni gitaa la mtu
lilikuwa likirudia kosa lile lile,
pale pale, kwa subira,
na mji huu nikaupenda kwa lile kosa
kama ninavyoupenda kwa tundu la mchwa.
Sikuliandikia kitu. Liko vile vile.

"Mwanasaada," nasema, "mkokoteni umefika,
ngoja nikachukue maji."
Ng'ambo ya kichochoro Famau akaza nyuzi,
na Bi Somoe keshapata wa kugombana naye.
Kimya, Doha. Nadhani laini imekatika.
"Usikate," asema.
"Weka simu dirishani."