Mchango

Kazi yangu ni kuokota mavi ya sokwe.
Naisema hivyo hivyo, bila kuizungusha,
maana Katumbi nzima inaijua
na watoto hunipigia kelele nikishuka mlimani na begi:
"Baba Sikudhani, leo umevuna debe ngapi?"

Alfajiri, umande ungali mzito,
nasimama chini ya matandiko yao ya matawi.
Wakiamka huanza na haja, kama sisi.
Yanadondoka majanini, yanafuka mvuke.
Najaza kichupa, naandika:
tarehe, saa, jina la mwenyewe.

Juzi mwenyewe alikuwa Tabu,
jike mzee, sikio moja limechanika.
Alijilaza mchana kutwa, kundi likamwacha.
Kisha akajikokota hadi kwenye mjonso,
akavunja tawi, akalimenya kwa meno,
akafyonza uchungu ule hadi uso ukamkunjamana.
Mwanawe akaokota kipande kilichoanguka,
akaonja,
akatema.
Nikacheka peke yangu porini.
Nami niliutema hivyo hivyo
siku mama aliponibana kati ya magoti:
"Meza. Una mchango."

Mchango.
Uko wa harusi, wenye mwenyekiti na daftari,
na uko huu wa tumboni
ambao kila mtu hutoa
na hakuna anayesomewa jina.

Kambini, Nsajigwa, binti wa Tukuyu,
anachuja, anazungusha, anadondosha tone kiooni.
"Njoo uone."
Nikafumba jicho moja.
Yai. Ganda jembamba kama chozi,
ndani chembe zimebanana mfano wa mbegu za bungo.
"La Tabu," akasema. "Minyoo ya vinundu.
Hujijengea vijumba kwenye ukuta wa utumbo,
hulala humo, hungoja."
Akabadilisha kioo.
Yai lile lile. Ganda lile lile.
"Na hili?"
Akavua miwani, akaifuta, nayo haikuwa na vumbi.
"La Sikudhani. Kile kichupa ulicholeta Jumatatu."

Huenda ni safura tu, akasema, ya kijijini, ya kawaida.
Yai halisemi ukoo wake.
Mpaka lilazwe kwenye unyevu siku saba,
liangue, aonekane mtoto wa mnyoo
na mkia wake.

Siku saba.
Vidonge nimempa, vidonge haviulizi kabila.
Lakini mimi nauliza.
Ni buti zangu, anazozisugua kijitoni kwa mikono mitupu
kisha anamenya muhogo?
Ni mabungo ya ukingo wa msitu,
wanayogombea yeye na wenzake,
sokwe wameyaangusha nusu, nusu yana meno?
Au tulianza sisi,
wafuata nyayo, wenye kamba na daftari,
tunaochutama nyuma ya kichuguu
tukidhani msitu hauna macho?
Nani alimchangia nani?

Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako.
Nimevua nguo zote, nimezikung'uta.
Kipo ndani zaidi.

Siku ya tano leo.
Buti nimezivulia mtoni, nimezisugua mwenyewe kwa majivu.
Sikudhani ameniangalia kwa mbali,
hajui amekosea nini.

Asubuhi nilimkuta Tabu anakula, kundi limemzunguka.
Mavini mwake kulikuwa na jani zima, la kukwaruza,
limekunjwa kama barua, halikutafunwa,
na kwenye mkunjo mnyoo mweupe, urefu wa kucha,
ungali ukijinyonga.
Nikajaza kichupa.
Tarehe. Saa. Tabu.

Kisha nikatoa kichupa kingine,
nikatazama huku na huku,
nikaandika jina langu.