Chumba cha Redio, Wete

Bawaba ya mlango huu inalia tangu Machi.
Nimeandika barua mbili kuomba mafuta,
kibati kimoja tu, cha kutosha mwaka;
barua zimekwenda Unguja, zimekaa huko
kama waliokwenda fungate.

Mie Time binti Kombo, zamu ya usiku.
Mezani ramani ya bahari, chai ya mchaichai,
na redio inakoroma chaneli ya kumi na sita.
Mpaka, kwenye ramani, ni nukta nukta
zilizopita kati ya Pemba na Vanga
kama mshono wa fundi mwenye haraka.
Mama aliwahi kuniuliza: nukta hizi zimo majini kweli?
Nikamwambia zimo, ila mvua ikinyesha hazionekani.
Alicheka hadi akashika ubavu.

Usiku ule wa Ijumaa, saa nane kasorobo,
sauti ikachomoza ndani ya mkoromo:
mtambo umezima, maji yanaingia, tuko wanne.
Uko wapi?
Kimya.
Uko wapi, ndugu yangu?
Si mbali.
Si mbali na wapi?
Kimya tena, na hapo nikajua.
Karafuu inanukia hata redioni.
Anayevusha magunia yetu kwa giza
hutaja jina la Mungu upesi
kuliko mahali alipo.

Sikiliza, nikasema, sikuulizi ulichobeba.
Nauliza ulipo.
Akavuta pumzi, niliisikia,
akataja digrii, akataja dakika,
na jina: Mwinyikai, wa Vanga.

Nikaweka rula. Alikuwa juu ya nukta zenyewe.

Shimoni walikuwa na boti, hawakumsikia.
Tanga walimsikia nusu,
na meli ya saruji iliyotoka kwao
ilikuwa maili tisa kutoka kwake.
Shimoni na Tanga usiku ule hawakusikiana,
lakini wote wawili walinisikia mie,
maana mlingoti wetu umesimama kilimani, umeelekea maji.
Basi nikabeba maneno.
Shimoni wakisema mtambo, Tanga nawaambia injini,
Mwinyikai namwambia mashini iache, shika ndoo.
Sajini Mhando wa Tanga akauliza: huyo ni wa nani?
Wa maji, kwa sasa, nikamjibu.
Meli ya saruji ikageuza.
Boti ya Shimoni ikavuka nukta bila hodi,
kwa ruhusa yangu,
mie nisiye na cheo cha kumruhusu hata kuku.

Alfajiri nikaandika daftarini:
Watu wanne, hai, mmoja mtoto wa miaka kumi na tatu.
Shehena:
na hapo nikaacha mstari mtupu.
Magunia walikwisha yamwaga wapate kuelea.
Siku tatu watoto wa Fundo waliokota ufuoni
karafuu zilizovimba maji, zisizo na nchi.

Mwezi uliofuata wakaja wageni wa bandari tatu,
maji ya chupa, vitambulisho shingoni.
Kisiwa hiki, walisema, kina nafasi ya kimkakati.
Walisema mara kumi na moja, nilihesabu.
Kimkakati ndio nini? Mama aliniuliza jioni.
Nikaiwaza bawaba: imegongomelewa huku na huku,
sifa zote huenda kwa mlango,
yenyewe hutajwa siku inapolia.
Ni kukaa katikati, mama, na kutolala.

Ukumbini mwenyekiti alinipa kipaza sauti.
Tuambie, binti, kisiwa kinahitaji nini?
Betri, nikasema. Hii hufa kabla ya jua.
Na mafuta ya bawaba.
Wakacheka kwa adabu.
Nimeyasoma maazimio yote, kurasa sita:
kuimarisha, kuboresha, kuendeleza.
Betri sikuiona.

Usiku huu mlango nimeuegemeza tu, usiniudhi.
Chai imepoa.
Tanga, hapa Wete, nakusikia vizuri.
Ngoja hapo hapo,
nikuitie Shimoni.