Hili, Kando

Miaka ishirini na sita pale Kilindini
nilipitisha makontena kwenye eksirei.
Hati ikisema vigae, nilitazama kama ni vigae.
Kivuli kisichokaa sawa pembeni,
kidogo kama punje ya choroko,
nilikisimamisha: "Hili, kando."

Leo nimelazwa mimi.
Kijana Mwadime kanivua saa, mkanda, na pete
iliyogoma kwenye kifundo cha kidole mpaka akaleta sabuni.
Kanidunga dawa yenye mionzi, kaniambia
inajua njia: itaisaka saratani popote ilipotua
na kuiwashia taa.
"Tulia, mzee. Usitikisike."

Tezi dume.
Jina nililolimeza miezi minane,
nikiamka mara tano kwa usiku,
nikisimama msalani kwetu Kibokoni
kama anayengoja maji ya mfereji: tone, kisha tone.
Mwanakombo, kanipa mgongo, akihesabu kimya.
Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.
Hawakusema ni nguo ipi,
wala mwanamume aivue mbele ya nani.

Daktari wa kwanza alitaka kisu:
kata, shona, rudi nyumbani.
Lakini namba ya damu ilikuwa imepanda mno,
na Daktari Saumu akaweka kalamu chini.
"Hatuvunji mlango," akasema,
"na mwizi pengine keshatokea dirishani.
Kwanza tujue yuko wapi."

Picha imemwonyesha.
Mifupa, safi. Ini, safi.
Ila hapa, ndani ya nyonga, kushoto,
mtoki mmoja, punje ya choroko,
unang'aa peke yake
kama duka lililosahau kuzima taa.
Picha za mwezi wa Rajabu hazikuuona.

Nikacheka. Daktari akadhani nimeruka akili.
Kumbe nilisikia sauti yangu mwenyewe,
getini, jua la saa saba:
"Hili, kando."

Basi kisu kimewekwa.
Ni mionzi, wiki saba, ielekezwe pale na pale,
na sindano za homoni
zitakazonitoa jasho la ghafla
kama lililomtoa mama mkwe wangu akatupa buibui ukumbini.
Sikuahidiwa kupona.
Nimeahidiwa kwamba hawatapiga gizani.

Mwanakombo yuko kwenye benchi la nje,
pete yangu kaifunga pindoni mwa leso.
"Wamekuonaje?"
"Wameniona."
Akanivisha. Safari hii ikapita bila kugoma,
kidole kingali na sabuni.