Kisanduku cha Karani wa Sampuli

Mto Nyamwamba uliingia kwetu usiku bila hodi
ukalamba lebo zote za baba.
Asubuhi niliyakuta mawe topeni,
ishirini na moja,
kama wagonjwa waliopoteza kadi.

Baba alikuwa karani wa sampuli hapa Kilembe
kabla mgodi haujafungwa.
Herufi zake zilisimama wima, gwaride la wino mweusi.
Yeye alitangulia; wino umefuata.
Sasa uko Ziwa George, samaki wanausoma.

Basi nimekaa barazani na vifaa vyangu:
ukucha wa kidole gumba,
sarafu ya shaba ya zamani, kisu cha kumenyea matoke,
kipande cha chupa,
kigae cha bafu nilichokigeuza mgongo
(upande usiong'arishwa ndio usemao kweli),
sumaku ya redio iliyokufa,
na limau.

Rangi usiiamini. Hilo alinifundisha kwanza.
"Rangi ni nguo ya Krismasi," alisema.
"Wewe subiri Januari."

Hili linawaka kama dhahabu.
Nalisugua kigaeni: mchirizi mweusi, ukijani kwa mbali.
Dhahabu ingeandika kwa manjano yake yaleyale.
Kisu nacho kinalikwaruza bila ubishi.
Karibu tena, jiwe la shaba,
wewe uliyeivuta reli mpaka Kasese.

Pacha wake, manjano iliyopauka, anakikataa kisu.
Nikimgonga kwa chuma anatema cheche.
Pairiti. Mapacha wa sura tu.

Jeupe: sarafu inalichuna,
na unga wake ukionja limau unatoka povu, polepole,
kama mtu anayekasirika kwa adabu.
Jeupe la pili halina habari na limau.
Linaichora chupa.
Kalsaiti, kwatzi: weupe mmoja, ukoo mbali.

Jeusi limeruka lenyewe kuibusu sumaku.
Ulanga unachanika ukurasa kwa ukurasa,
kitabu chote, na hakuna neno.

Sisi Wakonzo wasichana tunaitwa kwa zamu:
Masika, Biira, Kabugho, Mbambu.
Mimi ni Ithungu, wa tano.
Nilibandikwa lebo
kabla sijakwaruzwa na kitu chochote.
Baba alikuwa akinishika kidevu, anapima uzito:
"Wa tano, sawa. Lakini wa namna gani?"
Hakujibu. Alirudi kwenye mawe yake.

Limebaki moja.
Kisu kinalikwaruza hapa, pale kinateleza.
Lina mistari: weupe, kijivu, punje za ulanga,
kwatzi kidogo, felspa kidogo.
Si madini moja. Ni mwamba, mchanganyiko tu,
wa aina ileile tunayoegemezea mlango.
Kwa nini baba alihifadhi hili?

Nakihesabu kisanduku. Vyumba ishirini.
Nahesabu tena kwa kidole.
Ishirini.

Nachukua kalamu. Herufi zangu zimeinama,
hazijawahi kukubali gwaride.
Naanza na lile lisilo na chumba:
*Na. 21. Mwamba wa mistari. Ugumu: haulingani.
Mahali: sebuleni kwetu, Kyanjuki.
Aliyekusanya: mto.*